Vinyago vya Waliohama: Sanaa ya Kisasa, Nyumbani na Utambulisho kwa Macho ya Kusini

Majumba makubwa ya sanaa duniani siku hizi hayachoki kuzungumzia uhamaji. Nani ana haki ya kusema hapa ni kwao? Mtu akivuka mpaka anabeba nini, na huko aendako anaitwa nani? Maswali haya yakifika Mtwara au Lindi huonekana kama mambo ya watu wa mbali, Waafrika walioko London au Wakorea walioko New York. Mimi naona yametukaa karibu kuliko tunavyodhani. Kazi ya sanaa inayojulikana kuliko zote kutoka kusini mwa Tanzania, kinyago cha mpingo cha Kimakonde, kwa sehemu kubwa ni kazi ya wahamiaji. Ukikitazama bila kulijua hilo, utaona weusi na mng'aro tu.

Tuanze na mto. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao. Wamakonde walikuwa pande zote mbili, na bado wapo: huku kwetu kwenye uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, ng'ambo kwenye uwanda wa Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Mpaka haukuzuia watu kuvuka. Ulichofanya ni kuwapa sababu mpya za kuvuka. Upande wa Wareno kulikuwa na kazi za shuruti, kodi, na baadaye kilimo cha lazima cha pamba. Upande huu, chini ya Waingereza, kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yaliyohitaji vibarua. Watu wakavuka kwa maelfu, miaka nenda rudi. Wengine walipanda hadi Tanga, wengine wakaingia Kenya.

Wenyeji hawakuwapokea kama ndugu moja kwa moja. Huku waliitwa Wamavia, na walisifika kwa ukali. Nyuso zao zilijaa chale, meno yamechongwa, wanawake wamevaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Hata Mmakonde wa Newala, mwenye lugha inayokaribiana na yao, alijihesabu kuwa ni mtu mwingine. Wakati huo huo mikono ya wageni hao ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi ambayo baadaye taifa zima liliiweka kwenye viwanja vya ndege, ofisi za balozi na kadi za posta, likisema: huu ndio utamaduni wetu. Walioitwa wageni waligeuka kuwa sura ya nchi. Katika sanaa inayozungumzia utambulisho, sijui kisa kinachozidi hiki kwa uzito, na nasikitika kwamba hakisimuliwi sana hata hapa Mtwara.

Kuna jambo la pili linalowachanganya wengi, nalo ni mti wenyewe. Huaminika kwamba Mmakonde amechonga mpingo tangu enzi za mababu. Vinyago vya zamani, hasa vya kuvaliwa ngomani, vilichongwa kwa miti laini na myepesi, na sababu iko wazi: mtu anakivaa kichwani na kucheza nacho juani. Mpingo ni mzito kiasi kwamba gogo lake likitupwa mtoni linazama. Mti huu ulishika nafasi yake pale wanunuzi wa kigeni, maofisa wa kikoloni, wamisionari na wafanyabiashara, walipoonyesha kuupenda. Kwa hiyo hata weusi ule tunaouita asili ni matokeo ya mkutano kati ya mchongaji aliyehama na mnunuzi aliyetoka mbali zaidi yake.

Mpingo nao husafiri. Ndio mbao inayotengenezewa klarineti na oboe zinazopigwa katika kumbi za muziki za Ulaya, na sehemu ya mbao hiyo hutoka misitu ya Lindi. Kule Kilwa, misitu ya vijiji kama Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, ili wanakijiji wauze mpingo wao kwa bei inayoeleweka. Hiyo ni habari ndefu ya peke yake, lakini mchongaji anayelalamika leo kwamba gogo limekuwa adimu na ghali anagombea mti mmoja na wapiga muziki asiowajua.

Sasa twende Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mambo yalikobadilika. Miaka ya 1950 wachongaji kadhaa kutoka uwanda wa Mueda, baada ya kupita kwenye mkonge, walifika mjini na kuanza kuuza kazi zao. Mfanyabiashara mwenye asili ya Asia, Mohamed Peera, alikuwa na duka, akanunua, akawahimiza wachonge kwa ubora na wasiogope kubuni. Mwishoni mwa muongo huo Samaki Likankoa akaleta kazi za mashetani: jicho moja, viungo vilivyopinda, tumbo lililogeuka uso. Roberto Yakobo Sangwani naye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa watu waliopandana, ambao mwanzoni uliitwa dimoongo na baadaye ukapewa jina la ujamaa, neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ukaja pia mtindo wa mawingu, wenye mikunjo mirefu isiyo na sura kamili ya mtu wala mnyama.

Haya yote yalitokea ndani ya miaka michache, mjini, mikononi mwa watu walio mbali na kwao. Ndiyo maana naita kazi hizi sanaa ya kisasa bila kusita. Hazikurithiwa zikiwa tayari. Zilibuniwa na watu wenye majina, katika mwaka unaoweza kutajwa, wakijibu hali mpya ya maisha yao.

Simama mbele ya kinyago cha ujamaa kwa dakika chache, kile cha urefu wa mkono mmoja au zaidi, uone. Kimechongwa kutoka gogo moja. Hakuna gundi wala kiungo. Chini kabisa mara nyingi kuna mzee, au mama, ameketi au amesimama akibeba wote walio juu yake. Kutoka hapo watu wanapanda: huyu amekanyaga bega la yule, yule ameshika kifundo cha mguu wa mwingine, mtoto amening'inia kwenye titi, mwanamke anatwanga, mwanamume amebeba jembe. Kati ya mwili na mwili mchongaji amepenyeza patasi hadi mwanga unapita upande wa pili. Ukikizunguka, hupati mbele wala nyuma. Ukipitisha kidole mahali penye mpindo utasikia alama ndogo ambazo tupa na msasa havikufika. Na pengine chini, kwenye kitako, mchongaji ameacha kipande cha tabaka la nje la mti wa mpingo, rangi ya manjano hafifu, ili uone jinsi kiini cheusi kilivyoanza.

Watalii huambiwa kwamba huo ni mti wa uzima, ishara ya mshikamano wa Kiafrika. Si uongo, lakini ni maelezo ya dukani. Fikiria aliyekichonga. Ameacha kwao Mueda. Wazee wake wako ng'ambo ya mto, pengine hajawaona kwa miaka. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza. Wakimbizi wakamiminika huku. Rutamba, mkoani Lindi, ikawa makazi yao, na Nachingwea ikawa mahali pa kufunzia wapiganaji. Mtu aliyekaa chini ya mwembe mjini akichonga ukoo mzima umeshikana bila hata kidole kimoja kuachia, katika miaka hiyo ambayo ukoo wake umetawanyika, kwa maoni yangu alikuwa anachonga kitu anachokikosa. Mshikamano ule ni wa kutamaniwa. Ndivyo ninavyokisoma kinyago cha ujamaa, na kila nikikitazama hivyo kinanigusa zaidi.

Mwenye shaka atasema wachongaji walichonga kwa ajili ya kuuza, hivyo tusiwatwike maana wasizokuwa nazo. Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu. Ni kweli walichonga kwa ajili ya soko, na ni kweli pia kwamba soko limeua kazi nyingi. Pita soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, utaona Mmasai yule yule, tembo yule yule, safu kwa safu. Hapo mchongaji anafanya kazi ya kiwandani, na hakuna aibu katika hilo, ni riziki. Lakini kuuza peke yake hakuondoi maana. Michoro mikubwa ya makanisa ya Ulaya nayo iliagizwa na kulipiwa. La kuuliza ni kama kazi iliyo mbele yako ina uamuzi wa mtu ndani yake. Shetani wa kwanza wa Likankoa alikuwa nao. Shetani wa elfu kumi aliyenakiliwa kutoka kwa jirani, pengine hana.

Kwa upande mwingine kuna wanaosema kinyago cha kweli ni cha ngoma tu, cha mapiko, na vya mpingo ni bandia. Hawa wanasahau kwamba hata mapiko hayakuwahi kuganda. Lipiko, ndio umoja wa mapiko, ni kinyago cha kuvaa kichwa kizima kama kofia. Mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago hicho. Kilipambwa kwa nywele halisi za binadamu na chale za nta ya nyuki, na kilitoka kwenye jando kikiwa siri, wanawake na watoto wasijue aliye ndani. Lakini angalia nyuso zilizochongwa: pamoja na wazee na mizimu kulikuwa na Wareno, Wahindi wenye maduka, majirani wa makabila mengine. Kila aliyeingia katika maisha ya kijiji aliingia pia kwenye kinyago. Mapiko ilikuwa inajadili habari ya mgeni na mwenyeji zamani sana kabla jumba lolote la sanaa halijaliona hilo kuwa la kuonyeshwa.

Na hadithi ya asili ya Wamakonde yenyewe, iliyoandikwa na wageni waliopita Mahuta na Newala zaidi ya miaka mia moja iliyopita, imejaa kuhama na kuchonga. Mtu mmoja aliishi porini peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu na mahali pake, usiku ikawa mwanamke hai. Wakashuka Ruvuma, mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbemkuru; wa pili naye hivyo hivyo. Wakarudi juu kwenye uwanda, na hapo wa tatu akaishi. Anayeijua Newala anajua uwanda ule hauna maji, na kwamba vizazi vya kina mama vimeteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Watu walichagua kukaa palipo na shida ya maji kwa sababu ndipo mtoto alipoishi. Nyumbani, katika hadithi hii, ni mahali palipopatikana baada ya kujaribu kwingine mara mbili.

Waliotoka kusini hawakuwa wachongaji peke yao. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alipitia mkonge wa Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, na ndugu na jamaa wa kwao wakaifuata kazi yake hata baada ya yeye kufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianza kama mchongaji, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, na kuwatoa mashetani kwenye mpingo na kuwaingiza kwenye rangi kali: masikio makubwa, vidole vichache, midomo inayocheka, wote wakiwa katika shughuli za mtaani. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeshaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Mashetani wa Lilanga wanabishana, wanapanga foleni, wanakwenda hospitali. Ni watu wa kijijini waliohamia mjini, na nawapenda kwa sababu hawajaacha kelele zao.

Hebu sasa tuvuke bahari, tumwone mmoja wa wasanii wanaotajwa sana katika mjadala huu. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, moja ya tuzo kubwa za sanaa nchini humo. Mwaka 2004 alitengeneza kazi yenye sanamu 100 za mbao zilizokatwa na kupakwa rangi, kila moja na kimo cha mtu. Ni watumwa na watumishi Waafrika waliokuwa katika nyumba za watawala wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, walezi wa mbwa. Kila mmoja ana maelezo mafupi yanayotaja jina lake halisi, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayoifanya sasa, na kitu kimoja kinachomfariji.

Sihitaji kumweleza mtu wa pwani ya kusini kwa nini kazi hii inauma. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa milango ya bahari ya misafara ya watumwa katika karne ya 19. Watu waliotolewa bara, upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, walifika pwani na kupewa majina mengine. Baadhi walipakiwa majahazini. Wengine walibaki, na vizazi vyao ndio majirani zetu. Katika nyumba ngapi za mji mkongwe wa Mikindani jina la babu wa nne linajulikana, na la wa tano linafichwa?

Wakati Himid anawarudishia majina watu waliobuniwa kwa ubao, wachongaji wetu halisi wamepotezewa yao. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu na kurekodi nyimbo, na mzigo ukaenda Ujerumani. Makusanyo ya namna hiyo yako mengi Ulaya, na kibandiko cha kawaida husema: Makonde, mbao, Tanzania au Msumbiji. Basi. Mchoraji wa Ulaya wa miaka hiyo hiyo ana jina, mwaka wa kuzaliwa, hata jina la mke wake. Wa kwetu amekuwa kabila. Kwangu mimi huu ndio utata mkubwa kuliko wote katika habari nzima ya sanaa na utambulisho: kinyago kinatumiwa kuwatambulisha watu wote isipokuwa yule aliyekichonga.

Vitu vyenyewe navyo huhama kwa nguvu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yalivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na jumba la Barbier-Mueller la Geneva. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, Mei 2010 kilikabidhiwa kwa Tanzania. Mwezi huo huo, kule Mtambaswala wilayani Nanyumbu, marais wa Tanzania na Msumbiji walizindua Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye urefu wa mita 720. Kinyago kilirudi Dar es Salaam, na ni vizuri. Ila ni halali kuuliza kurudi huko kunaishia wapi. Matawi ya Makumbusho ya Taifa yako Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mtoto wa Tandahimba anayetaka kuona kazi ya mababu zake ana safari ndefu.

Wanaodhani utambulisho ni neno la mapambo wawaulize Wamakonde wa Kenya. Babu zao walikwenda kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mkonge na miwa huko Kwale. Watoto walizaliwa huko, na wajukuu. Lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho: Kenya iliwaona wageni, na wengi wao Msumbiji hawajawahi kuiona. Bila kitambulisho huwezi kusajili ndoa, kufungua akaunti wala kumiliki shamba. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Baadhi yao waliishi kwa kuchonga miaka yote hiyo. Kinyago chao kiliweza kuuzwa kwa mtalii na kupanda ndege, wakati aliyekichonga hakuwa na karatasi ya kumvusha kituo cha polisi.

Uhamaji wenyewe haujakoma. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado vimewang'oa watu wengi makwao, Mueda ikiwa moja ya sehemu walizokimbilia, na Oktoba 2020 mashambulizi yalivuka hadi kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Wakati huo huo vijana wa Lindi na Mtwara wanaondoka kwa mabasi kwenda Mbagala, Dar es Salaam, wakirudi msimu wa korosho au msiba unapotokea. Zote hizi ni habari zinazosubiri patasi, brashi na kamera.

Lakini habari za waliotangulia zinaisha sasa hivi. Kijana aliyevuka Ruvuma mwaka 1955 akiwa na miaka ishirini leo yuko kwenye miaka ya tisini. Waliobaki ni wachache, na wako kwenye vibaraza vya Newala, Mikindani, Nachingwea na Mbagala. Wana simu za wajukuu pembeni yao, zenye kurekodi sauti. Mambo ya kuuliza si magumu: jina lako kamili ni nani, ulizaliwa kijiji gani na upande upi wa mto, nani alikushika mkono ukaanza kuchonga, na kile kinyago ulichokiuza ukakijutia kilikuwa cha nini. Na anayechonga leo, amalizapo msasa, akigeuze kinyago aandike kwa patasi chini ya kitako jina lake, kijiji na mwaka.